Sabufa ya nyumbani: waya wa RCA, nyaya za spika au bila waya?

Kabla hujalinganisha sabufa na sabufa, geuza ampu yako uitazame mgongoni. Matundu yaliyopo pale ndiyo yanayoamua utaunganisha vipi, na namna ya kuunganisha ndiyo inayoamua kama besi itakuwa sehemu ya muziki au ngurumo inayotoka pembeni peke yake. Njia ziko nne: waya mmoja wa RCA (ule wenye plagi ya duara na pini moja katikati) kutoka risiva ya hom thieta, jozi ya RCA kutoka ampu ya stereo, nyaya zinazotoka kwenye skrubu zilezile za spika, na kisambazaji kisicho na waya.

Kila njia iulize swali moja: nani anakata besi? Mfumo wowote wenye sabufa una mahali ambapo sauti hugawanywa, masafa ya chini yaende kwa sabufa na ya juu yabaki kwa spika. Mahali hapo ni krosova. Isipokuwapo, spika na sabufa zinapiga noti zilezile na besi inavimba. Zikiwa mbili zimefuatana, moja kwenye risiva na nyingine kwenye sabufa, sauti inabaki na pengo pale pande mbili zilipopaswa kukutana. Malalamiko mengi ya "sabufa mbovu" yanaanzia hapo.

Kwanza tazama una sabufa ya aina gani

Sabufa yenye ampu ndani ina waya wa umeme, kitufe cha kuzungusha sauti na matundu ya RCA. Isiyo na ampu ina vibanio viwili tu vya waya wa spika, chekundu na cheusi. Nyingi za aina hii zilitoka kwenye seti za hom thieta zilizokufa, na zinauzwa peke yake kwa bei ya kuvutia. Ukiichomeka kwenye tundu la "Sub Out" haitatoa sauti ya maana, kwa sababu tundu lile linatoa ishara tu, si nguvu ya kusukuma koni. Kinyume chake ni hatari zaidi: ukichukua waya wa spika kutoka ampu kubwa ukaupeleka kwenye tundu la RCA la sabufa yenye ampu, unaweza kuunguza saketi yake ya kuingizia.

Sabufa isiyo na ampu inahitaji ampu yake yenye krosova. Wapo wanaotumia ampu ya gari, na inawezekana, ila piga hesabu ya umeme: ampu ya gari inayotoa wati 200 za kweli inavuta karibu ampea 30 kwenye volti 12. Adapta ya CCTV haiwezi kazi hiyo. Maelezo yafuatayo yote ni ya sabufa yenye ampu ndani.

Kama ni mtumba, soma kibao cha nyuma kabla ya kuchomeka. Iliyotoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na ukutani kwetu kuna 230 hadi 240. Baadhi zina swichi ya 115/230 pembeni ya fyuzi. Isogeze wakati plagi iko nje. Isiyo na swichi inataka transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo iwe na uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kibao. Sabufa ya wati 300 ipe transfoma ya VA 500.

Risiva ya hom thieta: waya mmoja, na hapo ndipo pazuri

Kama risiva yako ina HDMI na tundu lililoandikwa "Subwoofer Pre Out", usihangaike na njia nyingine. Katika njia hizi nne, ni hii tu ambayo kwa kawaida inafanya kazi pande zote mbili: inaipa sabufa masafa ya chini, na papo hapo inayaondoa kwenye spika. Spika ya koni ya inchi 5 ikipunguziwa mzigo wa chini ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde) inaweza kupaza sauti zaidi bila kukwaruza. Tena filamu zenye sauti ya 5.1 zina chaneli ya besi ya peke yake, LFE, inayofika 120 Hz, ndiyo ile ".1". Ampu ya stereo mara nyingi haiipati kabisa, maana vifaa vingi vinapokunja 5.1 kuwa stereo huiacha.

Waya ni mmoja tu, RCA kwa RCA, wenye kinga ya nyuzi za chuma kuzunguka waya wa ndani. Mita 5 hadi 10 si tatizo. Kwenye sabufa uchomeke "LFE"; kama tundu hilo halipo, chomeka "L/Mono". Kebo ya Y ya kuingia kushoto na kulia si ya lazima. Kwenye sabufa nyingi inaongeza kama desibeli 6, na hizo unazipata kwa kuzungusha kitufe cha sauti.

Kisha ingia kwenye menyu ya risiva. Spika zote ziwe "Small", hata zile ndefu za kusimama. Ukichagua "Large", risiva haikati kitu, na kwenye risiva nyingi sabufa inabaki na LFE peke yake: filamu inanguruma, lakini ukiweka taarabu au bongo fleva sabufa iko kimya. Mtu akilalamika kwamba sabufa yake "inafanya kazi kwenye muvi tu", hapo ndipo pa kuanzia. Mpangilio unaopeleka besi ileile kwa spika na sabufa kwa pamoja (Denon wanauita "LFE+Main", Onkyo "Double Bass", Yamaha "Extra Bass") uzime, angalau mwanzoni.

Krosova ya risiva ianze 80 Hz, kiwango kinachopendekezwa na THX, wanaoweka viwango vya sauti ya sinema. Spika ambayo karatasi yake inasema inashuka hadi 55 Hz inakaa vizuri hapo. Vispika vidogo vya ukutani vyenye koni ya inchi 3 vinataka 120 au hata 150 Hz. Usipande juu zaidi bila sababu, kwa kuwa kuanzia karibu 100 Hz sikio linaanza kutambua sauti inatoka upande gani, na mtu anayeongea kwenye TV anaonekana kuongelea kwenye kona ya chumba.

Mwisho, kitufe cha krosova kilicho kwenye sabufa kizungushe hadi mwisho wa juu, au sogeza swichi kwenye "LFE" au "Bypass". Usikiache katikati. Risiva imeshakata, sabufa haina haja ya kukata tena.

Ampu ya stereo yenye "Pre Out"

Hapa unatumia RCA mbili, kushoto na kulia, na sabufa ndiyo inayokata kwa kitufe chake. Kabla ya kununua waya, hakikisha tundu ni "Pre Out" na si "Rec Out" au "Tape Out". Hizo mbili za mwisho hazifuati kitufe cha sauti: ukipunguza muziki, sabufa inaendelea kupiga kwa nguvu ileile. Kosa hili ni la kila siku, na kipimo chake ni cha sekunde tano, zungusha sauti ya ampu usikilize kama besi inashuka nayo.

Kwenye ampu za zamani "Pre Out" na "Main In" zimeunganishwa kwa vipande vya chuma vyenye umbo la U. Ukivitoa bila kuweka kitu, spika zinanyamaza. Tumia kebo mbili za Y: tawi moja lirudi "Main In", jingine liende kwa sabufa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba spika bado zinapokea besi yote. Sabufa inaongeza chini, haipunguzi mzigo wa juu. Isipokuwa kama sabufa yako ina matundu ya "Line Out" yaliyochujwa, mara nyingi kwa 80 Hz: hapo ishara inapita kwanza kwa sabufa, inarudi "Main In" ikiwa imeshanyang'anywa besi, na spika zinapumua. Kwa mwenye ampu ya aina hiyo na spika ndogo, huo ndio mpango wa kuuchukua, ingawa nyaya zinakuwa nyingi nyuma ya kabati.

Nyaya za spika: njia inayodharauliwa bila sababu

Ampu nyingi za stereo hazina tundu lolote la sabufa. Fundi wa haraka atakuuzia kiboksi cha kubadilisha ishara ya spika kuwa RCA, vile vinavyofungwa kwenye redio za gari. Kinafanya kazi, lakini kama sabufa yako ina vibanio vya "High Level" au "Speaker Level", kiboksi hicho umekinunua bure, maana saketi ya kazi hiyo tayari imo ndani.

Unavuta nyaya kutoka skrubu za spika za ampu hadi vibanio vya kuingizia vya sabufa, na spika zako zinabaki pale zilipokuwa. Watu wanaogopa kwamba ampu italemewa. Hailemewi. Ingizo hili la sabufa lina ukinzani wa maelfu ya omu, wakati spika ina 4 hadi 8, kwa hiyo kinachovutwa ni kidogo mno. Kwa sababu hiyohiyo waya hauhitaji kuwa mnene. Wa milimita za mraba 0.5 unatosha hata kwa mita 10. Faida nyingine ni kwamba chochote unachokifanya kwenye ampu, iwe kupunguza sauti, kuongeza "Treble" au kuchomeka hedifoni, sabufa inafuata.

Sabufa za REL zimejengwa juu ya wazo hili. Zinakuja na waya wenye plagi ya Speakon upande mmoja na nyaya tatu upande wa pili: nyekundu inakwenda chanya ya kulia, njano chanya ya kushoto, nyeusi hasi ya upande mmojawapo. Sabufa za makampuni mengine huwa na vibanio vinne, chanya na hasi kila upande.

Sasa sehemu ya kuwa makini. Kwenye ampu nyingi za kawaida hasi zote mbili zimeungana na bodi, kwa hiyo hakuna shida. Kwenye ampu za daraja (kwa Kiingereza "bridged"), zikiwemo nyingi ndogo za kisasa za "Class D", ile skrubu nyeusi nayo inabeba ishara. Sabufa nyingi zimeunganisha hasi zake mbili ndani. Ukifunga waya kwa kila moja, umeziunganisha hasi za ampu zenyewe kwa zenyewe, na ampu inaweza kujizima au kuungua. Chukua mita, zima ampu, chomoa plagi, toa nyaya za spika, halafu pima kati ya skrubu nyeusi ya kushoto na ya kulia, kisha kati ya nyeusi na ukingo wa nje wa tundu la RCA. Mita ikisoma karibu na sifuri mara zote mbili, endelea. Isiposoma sifuri, acha hasi za ampu bila kuzigusa. Zile chanya ziende kwa sabufa kama kawaida, na waya mweusi wa sabufa ufungwe kwenye bodi ya ampu, kwenye skrubu ya "GND" au ukingo wa RCA. REL nao wanaelekeza hivyo kwa ampu za aina hiyo, waya mweusi uende kwenye bodi.

Kama ampu ina skrubu za "A" na "B", inavutia kuipeleka sabufa kwenye "B" ili usibananishe nyaya mbili kwenye skrubu moja. Ni sawa kwa ampu nyingi. Ila zipo zinazounganisha A na B kwa kufuatana badala ya sambamba. Ukibonyeza A+B na spika zako zikakaribia kunyamaza, umekutana na moja ya hizo: rudisha nyaya zote kwenye "A".

Kuhusu vibanio vya "Speaker Out" vya sabufa: kwenye baadhi ni waya mtupu unaopitiliza, kwenye nyingine kuna kapasita inayokata besi kabla ya kwenda kwa spika. Aina ya pili inasaidia vispika vidogo sana. Spika nzuri usizipitishe humo.

Na usifunge nyaya ampu ikiwa imewashwa. Uzi mmoja wa shaba ukigusa skrubu ya jirani unatosha kuua transista.

| | RCA kutoka risiva | Pre Out ya stereo | Nyaya za spika | Bila waya |
|---|---|---|---|---|
| Anayekata besi | Risiva | Sabufa | Sabufa | Kama chanzo chake |
| Spika ndogo zinapumzika? | Ndiyo | Kwa "Line Out" iliyochujwa tu | Mara chache | Kama chanzo chake |
| LFE ya filamu | Ndiyo | Hapana | Hapana | Kwa risiva tu |
| Uwezekano wa muungurumo | Wa kati | Mkubwa | Mdogo | Mdogo sana |
| Kosa la kawaida | Spika kuwekwa "Large" | Kutumia "Rec Out" | Kuunganisha hasi za ampu ya daraja | Kuchelewa kwa sauti |

Kuna wanaotumia njia mbili kwa pamoja: nyaya za spika kwa ajili ya muziki na RCA ya LFE kwa ajili ya filamu. Sabufa chache zina vitufe viwili vya sauti kwa kazi hiyo. Kama yako ina kitufe kimoja, chagua njia moja.

Bila waya

Kwanza tenganisha vitu viwili. Sabufa ya saundiba inaongea na saundiba yake tu. Iliyotengana na mwenzake hutaifufua kwa ampu nyingine. Vifaa vya kujitegemea, kisambazaji na kipokeaji vyenye RCA kila upande, vinafanya kazi na sabufa yoyote, na vingi vinatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya ruta ya Wi-Fi.

Tatizo ni kuchelewa. Ishara ikichelewa milisekunde 15, ni sawa na kuisogeza sabufa mita 5 nyuma zaidi. Risiva inaweza kulipia hilo kwa mpangilio wa umbali, kwa kuchelewesha spika. Ampu ya stereo haina uwezo huo, kwa hiyo kwake njia hii ni ya mwisho kabisa. Bluetooth ya kawaida usiifikirie, ucheleweshaji wake ni mkubwa mno. Na hata bila waya wa ishara, sabufa bado inataka soketi ya umeme pale ilipo. Kama tatizo lako ni sakafu ya vigae isiyoficha waya, pitisha RCA nyembamba kwenye ukingo wa ukuta, itakugharimu kidogo zaidi ya muda wa kuipigilia.

Seti za 2.1 na TV

Zile seti za dukani, boksi la besi lenye rimoti na vispika viwili au vitatu, zina krosova na ampu zote ndani ya boksi, na vispika vinaning'inia kwake. Huna la kuchagua kuhusu kukata besi. Chaguo lako ni tundu la TV tu. Tundu la hedifoni la TV, kwa waya wa 3.5 mm kwenda RCA mbili, mara nyingi linafuata rimoti ya TV: iweke sauti ya TV karibu robo tatu, kisha tawala kwa rimoti ya seti. TV nyingi mpya hazina tundu la hedifoni ila zina la optiko, hivyo utahitaji kiboksi cha kubadilisha dijitali kuwa analogi, na kwenye menyu ya TV uchague "PCM". Ukiiacha kwenye "Dolby" au "Bitstream", viboksi vingi vya bei nafuu vinatoa ukimya au mkwaruzo.

Boksi la seti hizi lisiende kona ya mbali. Vispika vyake ni vidogo, hivyo boksi linabeba hadi sehemu ya sauti za watu. Likae katikati ya vispika, chini ya TV.

Muungurumo

Sauti ya "hmmm" isiyobadilika hata muziki ukizimwa mara nyingi ni umeme wa 50 Hz unaozunguka kupitia ethi mbili. Chomoa RCA upande wa sabufa. Ikiendelea kunguruma, ugonjwa uko ndani ya sabufa, mara nyingi kapasita za usambazaji wa umeme. Ikinyamaza, rudisha RCA, kisha chomoa vyanzo vya ampu kimoja kimoja, ukianza na kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi. Dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma linaloshika ardhi ni njia ya pili ya ethi, na huyo ndiye mhalifu wa kwanza kwenye nyumba nyingi.

Dawa ya kwanza ni kuchomeka TV, king'amuzi, ampu na sabufa kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, kata njia ya chuma: king'amuzi kiende TV kwa HDMI, na TV iende ampu kwa optiko. Vile vitenganishi vya kebo ya antena vinavyouzwa kwa ajili ya muungurumo vinafaa antena ya kawaida tu; vingi vinazuia umeme wa DC, na LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, inaishi kwa umeme huo, hivyo utapata ukimya pamoja na skrini tupu. Vitenganishi vya RCA vinasaidia, lakini vya bei ya chini vina transfoma ndogo zinazolegeza besi ya chini kabisa, yaani kile ulichokinunulia sabufa.

Pini ya ethi ya plagi usiikate. Muungurumo ukija pale tu unapotumia inveta ya sola ya mawimbi ya mraba, kubadilisha nyaya hakutasaidia, tatizo ni inveta.

Kurekebisha: mashine au sikio?

Risiva zina mfumo wa kujipima kwa maikrofoni, kama Audyssey au YPAO. Inafaa kuutumia, lakini usiuamini kila kitu. Weka kitufe cha sauti cha sabufa karibu nusu, zima feni, simamisha maikrofoni kwenye kimo cha sikio pale unapokaa, si mkononi wala juu ya mto wa kochi. Ikimaliza, kagua mambo matatu. Kiwango cha sabufa kikiwa kwenye mwisho wa chini, mathalani -12, sabufa ilikuwa na sauti kubwa kuliko mashine inavyoweza kupunguza: shusha kitufe, pima upya. Umbali wa sabufa ukisomeka mrefu kuliko halisi, uache. Mashine imehesabu na ucheleweshaji wa saketi za ndani. Na kama imeziita spika zako "Large", zibadilishe kuwa "Small" kwa mkono.

Mwenye ampu ya stereo anarekebisha kwa sikio, na utaratibu unaofaa unaanza na mahali, si na vitufe. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mlio wake wa asili karibu na 43 Hz upande mmoja na 34 Hz upande wa pili, na kuta za tofali na zege zinairudisha besi kwa nguvu kuliko kuta za jipsamu. Matokeo yake noti moja inavimba, nyingine inapotea, na ukisogea mita moja hali inageuka. Iweke sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti nyingi, kisha tambaa ukutani kote masikio yakiwa karibu na sakafu. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu inayolingana, hapo ndipo sabufa ikae. Kona inatoa besi nyingi kuliko sehemu zote, ila mara nyingi si besi bora. Na kama kochi limebanwa ukutani, kulivuta nusu mita mbele kunaweza kukusaidia kuliko kubadilisha sabufa.

Kisha krosova. Spika zako zikipokea besi yote, sabufa ianze pale zinapoishia: 50 hadi 60 Hz kwa koni ya inchi 5, karibu 40 kwa zile za kusimama zenye inchi 6.5. Namba zilizochapwa kuzunguka kitufe si za kuaminika sana. Zichukulie kama mwelekeo.

Fezi inafuata, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kwenye 80 Hz wimbi la sauti lina urefu wa karibu mita 4.3, kwa hiyo sabufa iliyo mbali kwa mita 2 zaidi ya spika inasukuma hewa wakati spika zinavuta. Piga mlio mmoja wa masafa ya krosova yako kutoka simu, kaa kwenye kochi, mtu mwingine ageuze swichi kati ya 0 na 180. Upande wenye sauti kubwa zaidi ndio sahihi. Kama ni kitufe cha kuzungusha, kitafutie kilele. Ukihamisha sabufa, rudia.

Sauti ya sabufa iwe ya mwisho. Ipandishe hadi uisikie, kisha ishushe hadi usitambue ilipo. Ukiizima uhisi muziki umekonda. Programu za simu za kupima desibeli zinasaidia kulinganisha, lakini maikrofoni nyingi za simu ni dhaifu chini ya 50 Hz, usizifuate kama mizani ya duka.

Sabufa ikijizima usiku unaposikiliza polepole, ni kwa sababu ishara ni ndogo kuliko kizingiti cha "Auto". Pandisha kiwango cha sabufa kwenye risiva, ushushe kitufe kilicho kwenye sabufa kwa kiasi kilekile. Kwenye ampu ya stereo, weka swichi kwenye "On".

Moja kubwa au mbili ndogo?

Bajeti ikiruhusu chaguo hili, na chumba kikiwa na watu zaidi ya mmoja wanaosikiliza, mbili ndogo zinashinda. Moja kubwa inatoa nguvu, lakini kochi la mbele litavuma na la nyuma litakuwa tupu. Tafiti za Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, zilionyesha kwamba sabufa mbili katikati ya kuta zinazotazamana zinasawazisha besi kwenye viti vingi. Kwa risiva yenye "Sub Out" moja, kebo ya Y inatosha. Rekebisha ya kwanza peke yake, izime, rekebisha ya pili, kisha ziwashe zote na upunguze kila moja kwa kiasi sawa, maana pamoja zinaweza kuongeza hadi desibeli 6. Fezi ya ya pili uipime dhidi ya ya kwanza kwa mlio uleule. Halafu piga mlio unaopanda taratibu kutoka 20 hadi 100 Hz na uzunguke chumbani: kila kioo cha kabati, dari ya jipsamu na nondo za dirisha zitakazotetemeka zinataka kipande cha mpira au skrubu kukazwa, kabla hujaanza kuilaumu sabufa mpya.